Nilichagua ubingwa kabla sijauona: barua ya wazi kwa wasimamizi wa Match na wakurugenzi wa programu

Kwa wasimamizi wa Match, NRMP, shirika linalooanisha madaktari na hospitali za mafunzo Marekani;
Kwa wakurugenzi wa programu za ubingwa katika hospitali za Marekani;
Kwa wote wanaotia saini karatasi za madaktari wa kigeni, huku na nyumbani.

YAH: DAKTARI ANAYETAKA KUBADILI UBINGWA AKIWA KATIKATI YA MAFUNZO

Waheshimiwa,

Niwieni radhi kwa kutotaja jina langu wala la hospitali ninayofanyia kazi. Ili nitoke kwenye magonjwa ya ndani niende kusomea usingizi na ganzi, nitahitaji barua ya mkurugenzi wa programu yangu, na mkurugenzi mwenyewe bado sijamwambia. Kila nikipita mlangoni kwake naongeza mwendo kama mtu mwenye deni la duka.

Nimeanza kuandika kwa Kiswahili. Tafsiri ya Kiingereza nitawatumia kwa njia zenu. Hii ya Kiswahili nataka isomwe pia na wadogo zangu walioko Muhimbili, KCMC, Nairobi, Makerere na Lubumbashi, wanaokesha na maswali ya USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari ya Marekani, wakiamini kwamba ukishapata nafasi Marekani, shughuli imekwisha. Nami niliamini hivyo hivyo.

Mahojiano yangu yote niliyafanya kwa video, chumbani kwa mama, Tanga. Mchana wa Marekani ni usiku wa kwetu, basi saa nne usiku nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta, juu koti la suti, chini khanga, feni nimeizima isije ikavuma kwenye kipaza sauti, jasho linateremka mgongoni na mimi natabasamu. Usiku mmoja jogoo wa jirani, ambaye hajawahi kujua saa, aliwika katikati ya swali: kwa nini magonjwa ya ndani? Nilijibu vizuri sana. Nilisema napenda kufikiri, napenda kumfuatilia mgonjwa mwaka hadi mwaka. Ilikuwa kweli, ila ilikuwa nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba magonjwa ya ndani ndiyo yenye nafasi nyingi kuliko ubingwa mwingine wowote, na ndiyo yanayotupokea kwa wingi sisi tuliosoma nje. Mwaka 2024, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo vya Marekani vinavyotoa shahada ya MD walipata nafasi kwa asilimia 93.5. Sisi wa vyuo vya nje tusio raia, asilimia 58.5. Mtu anayejua hesabu hiyo hapangi orodha yake kwa moyo. Anaipanga kama anayevuka barabara ya Morogoro saa za jioni: anatazama penye mwanya.

Kwa msomaji asiyeifahamu Match, nieleze kwa ufupi. Baada ya mahojiano, daktari anapanga orodha ya programu anazozitaka, ya kwanza hadi ya mwisho. Programu nazo zinapanga orodha za madaktari. Orodha zinafungwa, kompyuta inaoanisha. Wiki ya tatu ya Machi, Jumatatu unaambiwa kama umepata, Ijumaa unaambiwa wapi. Ni posa ambayo mshenga wake ni kompyuta, na ndoa imeshafungwa kabla hujamwona mwenzio. Ukipeleka orodha umeshakubali: popote itakapokupeleka, utakwenda. Programu nayo haina ruhusa ya kukukataa, wala ya kukuachia kwa makubaliano yenu wawili. Mwenye uwezo wa kuachia ni NRMP peke yake. Ukikimbia bila ruhusa unaweza kufungiwa Match kwa mwaka mmoja hadi mitatu, au moja kwa moja.

Sasa msinidhanie mpinga Match. Nimesoma ilikotoka, na nilipoisoma nilinyamaza. Miaka ya 1940 hospitali zilikuwa zinawagombea wanafunzi kama wapiga debe wanavyomgombea abiria mwenye begi. Kila mwaka zinawahi zaidi, hadi mwanafunzi anashikwa mkono miaka miwili kabla hajahitimu. Vyuo vilipokubaliana kuzuia matokeo na barua za sifa hadi mwaka wa mwisho, mbio zikahamia kwenye muda wa kujibu. Mwanzo mwanafunzi alipewa siku kumi afikirie, ikafika mahali hata saa 12 zikaonekana nyingi. Mtu anasoma telegramu amesimama na simu inalia. Mwaka 1952 Match ikaanza kutumika nchi nzima, na ile vurugu ikaisha. Ni kazi nzuri na mnastahili heshima yake.

Na jambo lililonipa ujasiri wa kuandika barua hii limo humo humo kwenye historia yenu. Utaratibu wa kwanza kabisa uliopendekezwa ulikuwa na kasoro: mwanafunzi aliyeweka juu ya orodha hospitali asiyoweza kuipata aliweza kuumia hata kwenye zile ambazo angezipata. Walioiona kasoro hiyo walikuwa wanafunzi wa Boston, akiwemo Hardy Hendren wa Harvard, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa mkubwa wa upasuaji wa watoto. Walikuja na hesabu zao, wakabisha, na utaratibu ukabadilishwa kabla ya ile Match ya 1952. Miaka ya 1990 manung'uniko yakarudi kwamba hesabu inazipendelea hospitali. Alvin Roth na Elliott Peranson wakaisuka upya ianzie upande wa mwombaji, ikaanza kutumika 1998, na Roth mwaka 2012 akapewa Nobel ya uchumi pamoja na Lloyd Shapley. Mara mbili, basi, mmeirekebisha Match kwa sababu waliomo ndani yake walisema inawabana.

Mara ya tatu haikwenda hivyo. Mwaka 2002 madaktari walikwenda mahakamani wakidai mfumo unaua ushindani na kushusha mishahara. Mwaka 2004 Bunge la Marekani likaikinga Match dhidi ya kesi za aina hiyo, kwa kipengele kilichopachikwa ndani ya sheria ya pensheni. Ya pensheni! Kesi ikafa. Sitaki kuifufua, na mshahara si hoja yangu leo. Nasema tu kwamba ambaye hawezi tena kushtakiwa kwa hilo ana sababu zaidi ya kusikiliza akiandikiwa.

Jambo jingine nataka niliseme mapema, wakurugenzi wasije wakaniweka kapu moja na wakimbiaji. Kanuni inataka daktari aanze kazi na abaki angalau siku 45 ndipo ahesabiwe ametimiza ahadi ya Match. Siku hizo naziunga mkono kabisa. Katika kundi letu mmoja aliondoka wiki ya tatu. Sababu zake anazijua yeye na Mungu wake. Usiku wake tuligawana sisi tuliobaki, mimi nikaangukiwa na minne, na katika usiku wa tatu nilijikuta nimesimama mbele ya jokofu la dawa nimesahau nilichofuata. Akitoka mtu mmoja kwenye zamu, pengo lake linazibwa na usingizi wa wenzake. Kwa hiyo siombi mlango uachwe wazi usiku kucha. Naomba mtuonyeshe ulipo, na saa ngapi unafunguliwa.

Nieleze kilichonipata.

Ilikuwa Agosti, zamu ya usiku, chumba cha wagonjwa mahututi. Mzee wa miaka sabini na kitu, nimonia mapafu yote mawili, oksijeni kwenye kioo inashuka: 84, 79, 71. Tulikuwa watu saba tumemzunguka na kila mmoja ana wazo zuri. Akaingia daktari wa usingizi, mwanamke mfupi, raba miguuni, hana haraka. Kwanza alipandisha kitanda hadi usawa wa kifua chake. Akakunja taulo, akaliweka chini ya kichwa cha mzee. Akainama akamwambia sikioni, kwa jina lake, kwamba sasa atampumzisha. Dawa moja, dawa ya pili, kifaa kikaingia kinywani, mpira ukapita katikati ya nyuzi za sauti, akaanza kuminya mfuko wa hewa kwa mkono mmoja huku wa pili ukiushikilia mpira pale mdomoni. Hazikutimia dakika nne. Namba zikaanza kupanda. Akavua glavu, akauliza kama kuna kahawa.

Wenzangu walirudi kwenye mafaili. Mimi nilibaki pale kwa sababu mawazo yangu yalikuwa yameondoka. Nilikuwa wilayani, mwaka wangu wa intanshipu, kwenye upasuaji wa mama mjamzito, usiku umeme ulipokatika na jenereta likagoma mara mbili. Kioo cha mapigo kikazima. Afisa wa usingizi, mzee wetu tuliyemwita Babu, hakupaza sauti. Aliing'ata simu yenye tochi, akaweka vidole viwili shingoni kwa yule mama, na baada ya muda akaitoa simu mdomoni akampa nesi, akaanza kututajia mapigo kama konda anavyotaja vituo. Tisini. Tisini na sita. Mia moja na nne, harakisheni kidogo. Tisini na nane, endeleeni. Mtoto alilia kabla umeme haujarudi. Wakati huo nilikuwa nimeshika kivuta-nyama upande wa tumbo, na macho yangu yote yalikuwa upande wa kichwa.

Sikujua kuwa kile nilichokitazama kina jina na miaka ya kusomewa na kwamba naweza kukiomba. Chuoni usingizi tuliupitia kwa wiki chache, tukiwa nyuma ya migongo ya wakubwa. Ndiyo maana nacheka kidogo ninaposikia kwamba daktari anayetaka kuhama hajui anachokitaka. Mlimuuliza lini, na alikuwa ameona nini hadi wakati huo?

Asubuhi ile niliporudi nyumbani sikulala. Nilifungua kompyuta nitazame njia ya kuhama, na ndipo nilipogundua kwamba nimefungwa na kalenda kadhaa kwa pamoja, kila moja ina mwenyewe, na hakuna hata mmoja kati ya wenyewe hao anayetazama ya mwenzake.

Ya kwanza ni yenu NRMP, zile siku 45. Nimeanza Julai mosi, zinaisha katikati ya Agosti. Hii haina shida.

Ya pili ni ya maombi. Maombi ya mwaka unaofuata yanafika kwa programu mwishoni mwa Septemba. Daktari aliyeanza Julai wakati huo hajatimiza miezi mitatu kazini. Bado anapotea akitafuta maabara. Ndani ya miezi hiyo inabidi awe amegundua kwamba yuko pasipo pake, amehakikisha kwamba si uchovu tu, kisha amwendee mkurugenzi aliyempokea juzi na kumwomba barua ya kumwondoa. Mimi sikuweza. Nilikwenda hadi mlangoni nikiwa na karatasi mkononi, nikamkuta anacheka na mgeni kwenye simu, nikajiambia kesho. Septemba ikapita. Orodha za mwaka huu zinafungwa bila jina langu.

Ya tatu ni ya viza, na Mmarekani mwenzangu wa zamu hana habari nayo kabisa. Sisi wa J-1, viza ya madaktari wa kigeni walioko mafunzoni, sheria inaturuhusu kubadili programu ya ubingwa mara moja tu, tena kabla ya miaka miwili kutimia tangu tulipoingia nchini kwa viza hiyo. Mwenzangu wa hapa anaweza kugundua mwaka wa tatu kwamba moyo wake uko kwenye magonjwa ya akili, akajipanga, akahama. Mimi nina Match mbili maishani mwangu zinazoangukia ndani ya muda huo. Ya kwanza ndiyo hii inayopita. Ya pili iko ukingoni kabisa.

Ya nne ni ya fedha, na ndiyo inayosemwa kwa kunong'ona. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, huzilipa hospitali kwa ajili ya madaktari wanaosoma, na sehemu moja ya malipo hayo hufuata urefu wa ubingwa ule ulioanza nao. Magonjwa ya ndani ni miaka 3. Usingizi ni miaka 4 ukihesabu mwaka wa mwanzo. Upasuaji wa jumla ni 5. Kwa kuwa nilianzia magonjwa ya ndani, nimekwishapigwa muhuri wa 3. Kuanzia mwaka wangu wa nne, sehemu hiyo hospitali italipwa nusu. Aliyefanya mwaka mmoja kama wangu kisha akahamia upasuaji atakuwa na miaka mitatu ya nusu. Anayekwenda kinyume, kutoka ubingwa mrefu kwenda mfupi, kwa kawaida haathiriki. Malipo mengine hayakatwi, na hospitali kubwa inaweza kuibeba tofauti hiyo bila kuchechemea. Lakini tangu sheria ya 1997 iliyofunga idadi ya nafasi zinazolipiwa kwa kiwango cha 1996, kila hospitali ina daftari lake, na mtu wa daftari hahitaji kukueleza kwa nini hukuitwa kwenye mahojiano. Rafiki yangu wa programu nyingine aliulizwa swali moja tu kwa simu: umebakiza miaka mingapi ya malipo? Akadhani wanamuuliza deni la chuo.

Haya yote yameandikwa mahali fulani, sikatai. Ya Match yamo kwenye mkataba wa Match, ya viza kwenye kanuni za serikali, ya Medicare kwenye vitabu ambavyo daktari hana sababu ya kuvifungua. Ninachowaomba kwanza ni karatasi moja. Siku ile ile tunapoweka sahihi, kabla ya orodha kufungwa, tupewe karatasi moja yenye kalenda zote nne, kwa lugha ambayo mtu aliyekesha anaielewa. Kule kwetu ukikopa hata SACCOS unasomewa masharti kwa sauti.

La pili ni barua ya mkurugenzi, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu naona ndipo watu wengi wanapokwama na hakuna sheria inayowalazimisha kukwama. Kanuni za ACGME, chombo kinachoidhinisha programu za mafunzo ya madaktari Marekani, zinataka programu inayompokea daktari anayehama ipate uthibitisho wa mafunzo yake ya nyuma na tathmini ya uwezo wake kabla ya kumpokea. Kabla ya kumpokea. Hazisemi kabla ya kumsikiliza. Lakini kwa mazoea, nilivyokuta mimi na niliowauliza, programu nyingi haziligusi ombi lisilo na barua ya mkurugenzi wa sasa. Matokeo yake daktari anatangaza nia ya kuondoka wakati hana pa kwenda. Akikosa nafasi, anarudi kukaa miaka miwili zaidi chini ya mtu anayejua kwamba alitaka kumkimbia. Wapo wakurugenzi wenye roho kubwa, na huenda wangu ni mmojawapo. Nisingependa mustakabali wangu utegemee huenda.

Mtu akitafuta kazi mahali pengine, mwajiri wa sasa huulizwa mwisho, mambo yakishakaribia kuiva. Kwa nini kwetu awe wa kwanza? Ofisi ya mafunzo ya hospitali, ambayo iko juu ya programu zote, inaweza kutoa karatasi fupi kwamba huyu yuko kazini, hana kesi, hajafeli. Hiyo itoshe kwa mahojiano. Tathmini kamili ya mkurugenzi ije baada ya programu mpya kuonyesha nia, na kabla ya kupokea, kama kanuni inavyotaka. Na mkurugenzi apewe muda wa kujaza pengo. Tangu ijulikane Machi hadi Julai ni zaidi ya miezi mitatu. Si kama yule mwenzetu wa wiki ya tatu.

NRMP mtasema hayo si yenu, ninyi mnaoanisha tu. Lakini neno kubadili ubingwa si geni kwenye kanuni zenu. Aliyepata nafasi inayoanzia mwaka wa pili wa mafunzo, yaani anayeisubiri huku akifanya mwaka wa mwanzo kwingine, mnampa hadi katikati ya Januari aombe kuachiwa kwa sababu hiyo hiyo ya kubadili ubingwa. Mmekubali, basi, kwamba mtu anaweza kubadili mawazo kabla hajaanza. Aliyebadili mawazo baada ya kuanza, akiwa ameona kwa macho yake, ana hoja nzito zaidi. Tena mnazo nafasi mlizozitenga kwa madaktari waliokwisha kupitia mafunzo, zinazoanza mwaka ule ule wa Match. Kwenye usingizi zipo. Nilizijua kwa bahati, kwa mtu niliyekaa naye kwenye basi la wafanyakazi. Nafasi za mwaka wa pili zinazoachwa wazi katikati ya mwaka nazo zinatembea kwa simu za kirafiki: mkurugenzi anampigia aliyesoma naye. Mimi sikusoma na mtu yeyote hapa. Ziandikwe mahali pamoja, zionekane na wote.

Kuhusu Medicare najua si ninyi mnaotunga sheria. Mnao watu wenu wanaoingia kwa wabunge, mwaka 2004 tuliona wanavyojua kazi. Wakienda tena, wabebe na hili: miaka ihesabiwe kwa ubingwa ambao daktari anaumaliza.

Nigeuke nyumbani kidogo. Ili nipate J-1, wizara yetu ya afya iliandika barua kusema nchi inahitaji mabingwa wa magonjwa ya ndani, nami nikaahidi kurudi kuifanya kazi hiyo. Nikihama nahitaji barua mpya, yenye neno usingizi. Nimeona watu wakiiogopa barua hiyo kuliko mtihani, wakidhani kuiomba ni kukiri usaliti. Sioni usaliti hapo. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilitaka kila nchi iwe na angalau mabingwa 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000, na sisi tuko mbali sana na kiwango hicho. Kila mpasuaji tunayemsomesha atahitaji mtu wa kukaa upande wa kichwa. Naombeni basi wakubwa wangu, mtu akija na ombi la kubadili ubingwa, liwe na fomu yake na siku zake zinazojulikana, kwa sababu mwenzenu huku anahesabu miezi. Na mkitaka kumuuliza kwa nini, muulizeni kama mnavyomuuliza mtoto wa nyumbani. Najua wengi hawarudi. Wanaomba msamaha wa Conrad unaowaondolea sharti la kurudi, nafasi 30 kwa kila jimbo kwa mwaka, wanakwenda kutibu miji midogo ya huku isiyo na madaktari. Siwahukumu, nami sijui miaka minne mbele nitakuwa nani. Lakini anayejifunza kitu asichokipenda, nyumbani hatarudi nacho kwa furaha, na huku hatakifanya kwa furaha.

Wadogo zangu mnaojiandaa: msiache kuomba mnapopata mwanya, njaa haina miadi. Ila kabla ya kupanga orodha, ombeni wiki mbili mkae kwenye chumba cha upasuaji, kwenye maabara, kwenye wodi ya magonjwa ya akili, mahali ambapo ratiba ya chuo iliwapitisha mbio. Na mkianza kazi, jiulizeni mapema. Agosti, si Februari.

Nami nimejiwekea tarehe. Jumatatu ijayo natoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, mkurugenzi hufika saa moja na nusu, akiwa na kikombe chake kikubwa cha chai. Nitamngoja kwenye kile kiti cha plastiki nje ya ofisi. Kama barua hii itamfikia kabla ya siku hiyo, atajua kiti ni cha nani.

Wenu katika kazi,

Daktari wa mwaka wa kwanza, magonjwa ya ndani, kwa sasa.
Mzaliwa wa Tanga.